Mashine ndefu au toroli la mkonge: uchambuzi wa kisa cha upanuzi wa bustani ya michezo Tanga

Kisa hiki kinahusu bustani ya michezo ya watoto iliyopo jijini Tanga, mali ya familia moja, ambayo imefikia hatua ya kupanuka na kujikuta imegawanyika kuhusu kitu cha kununua. Wenyewe waliniomba niichambue hali yao kwa maandishi, na wameridhia uchambuzi usomwe na wengine wenye biashara ya aina hii, ilimradi jina la bustani na majina yao yasitajwe. Swali lililowekwa mezani ni hili: fedha walizojiwekea, pamoja na mkopo ambao benki imekubali kuutoa, zinunue mashine moja kubwa ya kusisimua itakayowavuta vijana, au zigawanywe katika michezo kadhaa ya familia? Baada ya kukaa nao, kupitia daftari za mauzo na kuitazama bustani ikiwa imejaa na ikiwa tupu, nimeona kwamba swali liliulizwa kwa namna iliyowalazimisha kugombana, kwa sababu liliwagawa wageni katika makundi mawili ambayo mlangoni hayaonekani.

Hali ilivyokuwa

Bustani ilianzishwa na baba yao, ambaye yu hai na ambaye neno lake bado ndilo la mwisho, kwenye kiwanja chenye miembe na mikungu, si mbali na bahari. Alianza na bembea za minyororo, utelezi wa bati na pembea ya farasi iliyozungushwa kwa mkono. Watoto wake walipoanza kumsaidia waliongeza vigari vya kugongana chini ya banda, treni ndogo ya mota inayozunguka miti, majumba ya upepo ya kurukia na bwawa la kina kifupi. Jikoni panauzwa chipsi, mishikaki, mihogo ya kukaanga na madafu. Mgeni hulipa kiingilio kidogo mlangoni, kisha kila mchezo una tiketi yake.

Watu hufurika Idd Mosi na Idd Pili, Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na mwisho wa wiki unaofuata mishahara. Likizo za Juni na Desemba nazo huleta watoto wa Muheza, Korogwe na Pangani waliokuja kwa ndugu zao mjini. Siku nyingine huwa za kubahatisha, na mvua za masika, Machi hadi Mei, huiacha bustani karibu tupu kwa majuma. Hili halina budi kukumbukwa katika kila hesabu inayofuata, kwa kuwa marejesho ya benki hudaiwa kila mwezi ilhali wageni huja kwa misimu.

Mtoto wa kwanza, mwanamume aliyefanya kazi Dar es Salaam kwa muda mrefu kabla ya kurudi nyumbani, alitaka mnara wa viti, yaani mashine inayowapandisha watu juu polepole na kuwaachia washuke kwa kasi. Hoja zake hazikuwa za pupa. Alisema vijana wa Tanga wakishaingia sekondari hawaji tena. Kwamba Dar es Salaam kuna michezo ya maji ya Kunduchi na mashine za Kigamboni, na kijana mwenye nauli huona afadhali asubiri safari ya huko. Kwamba mashine inayoonekana kwa mbali hujitangaza yenyewe, na kila anayepanda hujirekodi kwa simu na kuwatumia wenzake. Mdogo wake wa kike, anayesimamia mlango na fedha za kila siku, alitaka eneo jipya la watoto wadogo, kivuli zaidi na jiko kubwa zaidi. Mbele ya baba yao mazungumzo yalifika hapa:

“Kaka, hao vijana wakija, nani anawalipia? Wanakuja wanne, wanapanda mara moja, wanapiga picha, wanaondoka. Mama mwenye watoto watano anashinda hapa mpaka Magharibi, na chakula ananunua hapa hapa.”

“Mama huyo huyo, mdogo wangu, mwanawe akifika miaka kumi na mitatu anamwambia haji tena kwenye michezo ya watoto. Na akikataa mmoja, hata hao wengine hawaletwi.”

Jibu la kaka ndilo lililonifungulia njia. Alikuwa akitetea mashine ya vijana, lakini hoja aliyoitumia ilikuwa hoja ya familia.

Kundi linaloingia mlangoni

Niliomba wahudumu, siku ya Idd Pili, wasiandike idadi ya tiketi pekee; waandike pia nani ameingia na nani. Makundi ya vijana watupu yalikuwapo, hasa baada ya Alasiri, na wasichana wa rika moja waliokuja kwa miguu kutoka mtaa wa Ngamiani. Hata hivyo sehemu kubwa ya walioingia walikuwa makundi yaliyochanganyika: bibi mmoja, mama wawili au watatu walio ndugu au mawifi, watoto wa sekondari waliopewa kazi ya kuwaangalia wadogo, watoto wa shule ya msingi, na mchanga mgongoni. Wamekuja kwa bajaji mbili au kwa gari moja la kuazima. Tiketi zao ni nyingi, lakini uamuzi wa kuja ni mmoja na uamuzi wa kuondoka ni mmoja.

Kwenye vigari vya kugongana kuna mti wa kipimo uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu. Mtoto wa kiume wa miaka sita au saba alisimama chini yake akajiinua kwa vidole vya miguu. Mama yake akamwambia anyooke vizuri, na mhudumu, kwa upole, akamwekea rula utosini. Alipungukiwa na upana wa kidole. Binamu zake wakubwa wakaingia, yeye akabaki ameshika wavu akilia. Mchezo uliomfaa uliokuwa karibu zaidi, yale majumba ya upepo, uko upande wa pili wa bustani nyuma ya jiko, kwa hiyo mama hakuweza kumpeleka huku akiwaangalia wengine. Wale wakubwa walipotoka wakitaka kurudia, aliwaambia basi, twendeni. Familia nzima ikaelekea kula kwa mama lishe wa nje ya lango, na mauzo ya alasiri ile yakaenda nao.

Ningeweza kuandika kurasa nyingi juu ya nadharia ya mizani kati ya msisimko na utulivu, lakini jambo lote limo katika tukio hilo. Siku ya familia kwenye bustani huisha pale mmoja wao anapokosa cha kufanya, na anayekosa mara nyingi si mdogo kabisa wala mkubwa kabisa. Kwenye bustani hii mwenye miaka mitatu ana pembea, treni na bwawa. Mwenye miaka kumi na sita, akiridhika au asiporidhika, ana vigari. Wa miaka sita hadi kumi na miwili wana bembea walizozichoka, na mzazi hana mchezo hata mmoja anaoweza kupanda pamoja na mwanawe ukamfurahisha yeye pia. Pengo liko katikati. Mnara wa kaka ungeongeza kitu juu ya ngazi ambayo vipawa vyake vya kati havipo, na eneo la dada lingeongeza kitu chini ya ngazi hiyo hiyo.

Wengine walipita wapi

Tatizo hili limewakuta wakubwa kuliko sisi. Walt Disney alieleza kwamba wazo la bustani yake ya Disneyland lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi katika bustani ya Griffith, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka kwenye pembea ya farasi huku yeye hana la kufanya; alitaka pawe mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja. Disneyland ilifunguliwa Julai 1955. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1959, palifunguliwa hapo Matterhorn, rolakosta (treni ya kusisimua inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) ya kwanza duniani kutumia reli za mabomba ya chuma. Yaani hata mahali palipojengwa kwa ajili ya familia palihitaji msisimko mapema, na msisimko uliochaguliwa ulikuwa wa kiasi ambacho baba na mtoto wa shule wanaweza kuushiriki.

Mfano ninaouona kuwa wa karibu zaidi na Tanga ni Efteling ya Uholanzi. Ilianza mwaka 1952 kama msitu wa hadithi za kale, wenye nyumba na viumbe vilivyobuniwa na mchoraji Anton Pieck, na kwa miaka mingi ikajulikana kama mahali pa kupeleka watoto wadogo. Vijana wakaiona si mahali pao. Mwaka 1981 ikafungua Python, rolakosta ya chuma inayowageuza watu kichwa chini miguu juu, jambo ambalo kwa mahali pa hadithi za watoto lilikuwa mapinduzi. Wapo waliolalamika kwamba chuma kitupu kimeharibu ndoto. Wenye bustani walifanya mambo mawili ya maana: waliiweka mashine mbali na ule msitu, kelele zake na umbo lake zisiuguse; na hawakusimama hapo wakaanza kushindania urefu, maana miaka iliyofuata walirudi kwenye michezo ambayo wote hupanda pamoja, ukiwamo Droomvlucht wa mwaka 1993, unaompitisha mgeni taratibu katikati ya misitu ya ndotoni. Bustani hiyo bado inafanya kazi, Python bado ipo, na msitu wa hadithi bado ndio moyo wake.

Upo pia upande wa waliokosea. Disney walipofungua bustani yao ya pili huko Anaheim, jirani na Disneyland, Februari 2001, lalamiko moja kubwa lilikuwa kwamba mtoto mdogo ana machache sana ya kupanda. Walilazimika kuongeza eneo la watoto mwaka uliofuata, kisha wakaingia katika ukarabati wa gharama ya zaidi ya dola bilioni 1 uliokamilika mwaka 2012. Waliokuwa na fedha za kurekebisha walirekebisha. Familia yetu ya Tanga ikikosea ununuzi mmoja haina bilioni ya kurudia.

Namna wakubwa hao walivyolijaza lile pengo la katikati inajulikana: ni treni ya mgodini. Mwaka 1966 bustani ya Six Flags Over Texas ilifungua rolakosta ya umbo la mabehewa ya machimbo, yenye kona nyingi na mwinuko wa wastani. Big Thunder Mountain ya Disneyland, ya mwaka 1979, ilifuata njia hiyo, na kimo kinachotakiwa kuipanda ni sentimita 102. Mwaka 2014 huko Florida wakafungua Seven Dwarfs Mine Train, ambayo kimo kinachotakiwa kuipanda ni sentimita 97, ili mtoto anayetoka kwenye pembea awe na hatua ya pili kabla ya hizo kubwa. Mtoto mwenye kimo hicho aghalabu yuko karibu na kuanza shule. Anapanda amekaa na mama yake, anapiga kelele, anashuka akitaka tena. Na kaka yake wa sekondari, ambaye asingekubali kuonekana kwenye pembea ya farasi, hapa anapanda bila haya.

Hapa Tanga hatuhitaji kuazima mgodi wa watu. Mkonge uliletwa mwaka 1893, na mwaka huo huo ndio ulioanza ujenzi wa reli ya kutoka Tanga kuelekea Usambara. Mashambani majani ya mkonge yalisafirishwa hadi kiwandani kwa matoroli juu ya reli nyembamba, na wazee wa mkoa huu bado wanayakumbuka. Rolakosta ndogo yenye mabehewa ya umbo la matoroli ya mkonge, inayopita kati ya miti iliyopo, ikaingia kwenye handaki la giza lililojengwa kwa mfano wa Mapango ya Amboni, ni mchezo ambao bibi ataueleza kwa wajukuu wakiwa kwenye foleni. Nililipendekeza hili kwa moyo wote, na nikaona uso wa mzee ukibadilika kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze, kwa kuwa yeye mwenyewe ujana wake aliufanyia kazi shambani.

Chumvi, umeme na hesabu ya viti

Kumpendeza mzee hakutoshi, kwa hiyo nilirudi kwenye mashine zenyewe.

Hesabu ya kwanza ni ya viti. Mnara aliouchagua kaka una viti 12. Ukihesabu kupanda, kufunga mikanda, kukaguliwa, kwenda juu, kushuka na kutoka, mzunguko mmoja huchukua kama dakika 4, kwa hiyo mizunguko 15 kwa saa na watu 180 kwa saa, ikiwa hakuna kiti kinachobaki wazi. Treni ya matoroli yenye viti 20 na mzunguko wa dakika 3 huhudumia watu 400 kwa saa. Kwa saa tano za Idd Pili, ile ya kwanza inakomea watu 900 na hii inafika 2,000. Kwenye biashara inayoishi kwa siku chache za kujaa, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya tiketi. Tena foleni ndefu hukausha mauzo ya jikoni, kwa kuwa aliyesimama juani hanunui mishikaki.

Ya pili ni chumvi. Fundi wa bustani alifungua mbele yangu boliti ya ekseli ya behewa la treni ndogo. Kichwa chake kilikuwa kizima, kimepakwa rangi ya buluu iliyokolea. Ilipotoka, shingo yake ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imekuwa nyembamba kuliko kalamu, na unga mwekundu ulimbaki fundi kiganjani. Treni ile hutambaa ardhini na boliti ikikatika behewa litasimama tu. Mnara hauna msamaha huo. Hewa ya bahari ya Tanga haikiachi chuma salama, na mashine yoyote itakayoletwa inapaswa kuwa imechovywa kwenye zinki, kukaguliwa viungo vyake vya kuchomelea kwa dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa zisizoonekana kwa jicho, na kuwa na kitabu cha mtengenezaji kinachotaja kila boliti ikazwe kwa nguvu kiasi gani na ibadilishwe lini. Mnara ambao kaka alikuwa ameletewa bei yake ulikuwa umetumika nchi nyingine, umepakwa rangi upya, na muuzaji hakuwa na kumbukumbu za matengenezo. Kwa kosa hilo peke yake nilimshauri aachane nao, hata kama bei ingeshuka nusu.

Ya tatu ni umeme na upepo. Treni ya matoroli ikikatikiwa umeme kwenye mlima wake wa kupandia, meno ya kuzuia kurudi nyuma huishikilia, na abiria huteremshwa kwa ngazi ya pembeni mmoja baada ya mwingine. Kwa mwinuko wa mita chache kazi hii wahudumu waliofundishwa wanaiweza. Kuwateremsha watu 12 waliokwama juu ya mnara ni shughuli ya vifaa maalumu, na kabla ya kununua ni lazima kukaa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kujua ngazi inafika wapi. Upepo wa kusi nao una siku zake, na kila mashine ndefu ina kiwango cha upepo ambacho mtengenezaji anaamuru isimamishwe. Mashine inayosimama mara kwa mara wakati wageni wameshaingia huleta ugomvi kwenye dirisha la tiketi kuliko mashine isiyokuwapo.

Kaka aliniuliza kwa nini basi duniani wanazijenga. Wanazijenga kwa sababu zinavuta watu kweli, na kwa sababu wana mafundi, vipuri na wakaguzi wa kuzibeba. Hata hao huteleza. Juni 2015 katika bustani ya Alton Towers, Uingereza, treni ya rolakosta iitwayo The Smiler iliruhusiwa kuondoka wakati treni nyingine tupu imesimama kwenye reli mbele yake, baada ya wahusika kuipita kinga ya kompyuta iliyokuwa imeisimamisha kwa usahihi. Watu watano walijeruhiwa vibaya, wawili kati yao wakakatwa mguu. Kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka 2016. Kilichonigusa zaidi kwa ajili ya kisa chetu ni kwamba wageni walipungua kwenye bustani nzima, pamoja na maeneo ya watoto wadogo ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na mashine ile. Mzazi hatofautishi. Jina la bustani ni moja, na katika mji kama Tanga, ambako habari hufika Ngamiani kabla majeruhi hajafika hospitali ya Bombo, lingekuwa jina la familia yenyewe.

Mavazi, sala na wasiopanda

Jambo hili halimo katika vitabu vya watengenezaji, nami nalihesabu kuwa zito. Nusu ya watu wazima wanaowaleta watoto kwenye bustani hii ni wanawake waliovaa baibui, mtandio au khanga. Mashine ya wazi inayozunguka kwa kasi inampa mwanamke mambo mawili ya kuogopa, nguo kupeperuka mbele za watu, na nguo kushikwa na mnyororo au gurudumu, ambayo ni hatari ya kweli. Matokeo yake anabaki chini ameshika viatu na simu za wenzake. Mashine inayoitwa ya familia kwenye katalogi inaweza isiwe ya familia Tanga. Nilipendekeza kila mchezo mpya uwe na behewa lenye kuta zinazofika kiunoni, kizuizi cha mapajani kinachobana nguo pamoja na mwili, magurudumu yaliyofunikwa, na chumba kidogo cha kujitengenezea mtandio kabla ya kupanda. Gharama ya haya ni ndogo, na yanamgeuza mlinzi wa viatu kuwa mteja.

Wako pia wasiopanda kabisa, bibi na wajawazito. Wao wanahitaji kiti chenye kivuli kinachotazamana na michezo mitatu kwa pamoja, maji ya kunawa, na mahali pa kuswali Alasiri na Magharibi pasipo kutoka nje ya lango. Bibi akichoka, wote wanaondoka.

Sheria na ardhi

Kuhusu ardhi nilikuwa na neno moja tu. Kaka alitaka mnara ukae kwenye kipande cha upande wa bahari ili uonekane. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na sehemu ya kipande hicho imo ndani ya mita hizo. Tathmini ya athari kwa mazingira na ukaguzi wa usalama mahali pa kazi vitangulie malipo ya kwanza kwa muuzaji. Mkataba wa ununuzi utaje kiwango ambacho mashine imejengwa kukifuata, ama EN 13814 wa Ulaya au ISO 17842, na utaje ni nani atakayekuja kuikagua ikishasimikwa.

Ilivyoamuliwa

Familia ilikubaliana kujaza pengo la katikati kwanza. Treni ya matoroli itanunuliwa mpya, ya mwinuko mdogo, kimo cha chini kinachotakiwa kisizidi sentimita 100 kwa mtoto anayepanda na mtu mzima, na itasimikwa katikati ya kiwanja chini ya miti. Majumba ya upepo yatahamishwa kutoka nyuma ya jiko yakae kando ya vigari vya kugongana, ili mtoto aliyepungukiwa na kidole awe na mahali pa kwenda hatua chache tu, mama akiwaona wote. Kwangu uhamisho huu, ambao haugharimu takribani chochote, ndio wenye faida ya haraka kuliko yote, na nilisisitiza ufanyike kabla ya Idd ijayo bila kusubiri mkopo. Banda la vigari litarefushwa ili wakati wa masika pawe na mchezo unaoendelea kwenye mvua. Dada alipata kivuli na viti vyake, jiko litasubiri.

Kaka hakuachwa mikono mitupu, wala isingekuwa haki aachwe, kwa sababu aliyoyasema kuhusu vijana ni kweli. Pembeni, upande ulio mbali na pembea na nje ya zile mita 60, kimetengwa kiwanja cha mashine moja ya kusisimua, na njia ya waya wa umeme itachimbwa sasa pamoja na kazi za treni ili isirudiwe. Kwa vijana wa leo bustani itafunguliwa hadi usiku siku za Ijumaa na Jumamosi, vigari na treni vikiwa na taa na muziki, baada ya familia nyingi kuwa zimekwisha kurudi. Mdogo wao wa mwisho, anayeendesha jenereta, haamini kwamba vijana watatosheka na hilo. Huenda yuko sahihi, na mauzo ya usiku yataonyesha.

Suala la mashine ndefu litarudi mezani baada ya Idd zote mbili za mwaka ambao treni itakuwa imefanya kazi, kwa masharti yaliyoandikwa na kutiwa saini na wote. Marejesho ya benki yawe yamelipwa bila kuchelewa hata katika miezi ya masika. Wahudumu wawe wameendesha zoezi la kuwateremsha abiria treni ikiwa imezimwa katikati ya mlima, mbele ya Zimamoto. Fundi wa pili awe ameajiriwa na kupelekwa kwa mtengenezaji kujifunza, ili usalama wa watu usitegemee afya ya mtu mmoja. Kaka aliomba sharti la fundi wa pili lisubiri mpaka mashine ifike bandarini. Nilikataa, na nimeliacha kwenye maandishi kama lilivyo: fundi atangulie kabla ya mashine kuagizwa.